Kukagua kinga ya barafu na mvua kwenye ndege ya Boeing 737-800: mwongozo wa fundi na rubani anayeanza

Kila wakija wanafunzi wapya rampuni, pale ndege zinapoegeshwa, maswali ni yale yale, namjibu mmoja leo, kesho kaja mwingine na lile lile, sasa nimeamua niandike yote hapa mkae nayo kwenye simu. Swali linaloongoza ni hili: "Kaka, huku Dar joto 32, mitambo ya barafu ya nini kwenye ndege?"

Haya. Watu wa Moshi wakiamka na mawingu hayapo wanaiona barafu ya Kibo, na Kibo iko digrii tatu tu kusini mwa ikweta, kilele mita 5,895. 737 ikishatulia juu iko futi 35,000, yaani mita 10,600 na ushee, karibu Kilimanjaro mbili umezipandanisha. Huko nje ni digrii 40 na zaidi chini ya sifuri hata kama chini yako watu wa Bagamoyo wanakunywa madafu juani. Na mawingu yetu ya mvua yanapanda juu sana yakiwa yamejaa maji. Kwa hiyo barafu ipo, tena kila siku, ila wewe wa chini huioni kwa sababu imeshayeyuka kabla matairi hayajagusa lami.

Naongelea 737-800 maana ndiyo ninayoifahamu vizuri, na huku kwetu zipo. Ndege nyingine mpangilio unatofautiana, mfano 787 mabawa yake yanapashwa kwa umeme. Na jambo moja nalisema kabisa mwanzoni: mwongozo huu haukai mahali pa manyuali. Manyuali ya ndege husika ndiyo yenye neno la mwisho, mimi nakufungua macho tu ujue unaangalia nini na kwa nini.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Manyuali ya matengenezo ya ndege yenyewe, toleo la sasa, siyo ile PDF ya zamani mnayorushiana kwenye WhatsApp. Pia kitabu cha MEL, kinachosema kipi kikiwa kibovu ndege bado inaruhusiwa kuondoka na kwa masharti gani.
- Tochi kali, glovu zinazovumilia moto, kizuia kelele masikioni, ngazi inayofika puani mwa ndege bila wewe kunyoosha shingo.
- Chupa ya maji safi na kitambaa laini cha vioo.
- Mtu wa pili kokpiti na mawasiliano ya hedseti. Usifanye kazi hii peke yako, yaani usikimbie juu chini kuwasha swichi halafu unarudi kuangalia, hapo ndipo watu wanaungua.
- Umeme, ama wa nje ama wa APU, ile injini ndogo ya mkiani.

Nadharia ni ndogo tu. Kuna joto la aina mbili: umeme unapasha vioo na sensa, na hewa ya moto inayochotwa kwenye kompresa ya injini inapasha mdomo wa injini na ukingo wa mbele wa bawa. Mvua nayo ina waipa, rangi maalum ya kioo inayokataa maji, na ignisheni ya injini, yaani cheche za kuwasha mafuta. Na ujue mawinguni kuna matone yaliyopoa chini ya sifuri lakini bado ni maji, yakigusa chuma tu yanaganda hapo hapo. Basi, twende.

Hatua ya 1: Hesabu vifuniko vya pitoti, kwa mkono

Pitoti ni yale mabomba madogo yanayochomoza puani, yanapokea upepo na ndiyo yanampa rubani spidi. Kwenye 737-800 ziko tatu puani, moja kushoto na mbili kulia, halafu mbili ziko juu kwenye mkia, na hizi za mkia ndizo wageni wanazisahau kila siku. Kila kifuniko kina utepe mwekundu. Ukivitoa vishike vyote mkononi, vihesabu, mwonyeshe rubani. Usiseme "nimetoa", mwonyeshe.

Mwaka 2018 huko Brisbane, Australia, A330 ya Malaysia Airlines iliruka ikiwa bado na vifuniko, marubani hawana spidi ya kuaminika, ikabidi warudi kutua usiku ule ule, bahati wote salama. Na vifuniko vyenyewe viliwekwa kwa sababu uwanja ule una nyigu wanaojenga kwa udongo ndani ya pitoti.

Hao nyigu hata sisi tunao. Niliwahi kukagua ndege iliyolala siku tatu bila vifuniko, nikamulika tochi ndani ya bomba nikaona rangi ya kahawia badala ya weusi. Ulikuwa udongo mkavu, laini umepigwa vizuri kama ukuta wa nyumba ya fito, hauzidi ukubwa wa punje ya mahindi. Ndege nzima ya abiria mia na sitini ilikuwa inaenda kuzuiwa na kitu hicho. Mwaka 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini ikitoka Puerto Plata, watu 189 wakafa, pitoti ya kapteni ilikuwa imeziba na wachunguzi waliona chanzo kinachowezekana zaidi ni wadudu, kwa sababu ndege ilikaa siku kadhaa bila vifuniko. Kwa hiyo ndege ikilala funika. Ukikuta uchafu ndani usichokonoe na waya, usipulize kwa mdomo, andika kwenye logi ifanyiwe kazi na mtu mwenye kibali, kwa utaratibu wa manyuali.

Hatua ya 2: Matundu ya stetiki

Haya ni vitobo vidogo ubavuni, vinasoma presha ya hewa iliyotulia, altimita inavitegemea. Kwenye 737 havipashwi moto, ila vinazibika kwa maji, rangi na hasa kwa tepu baada ya kuosha ndege. Aeroperú 603, Oktoba 1996, 757 nyingine tena, waliosha ndege wakaacha tepu juu ya matundu, usiku, juu ya bahari, ikaanguka, watu 70 wakafa. Kama ndege imeoshwa leo pitisha kidole kwenye kila tundu, usitegemee macho peke yake, tepu ya rangi ya fedha kwenye chuma cha rangi ya fedha huioni.

Hatua ya 3: Washa hita za pitoti, na usiguse

Mwambie mwenzako wa kokpiti aangalie paneli ya juu kabla hajawasha. Swichi zikiwa OFF taa nane za rangi ya chungwa zote zinawaka: pitoti za pande zote mbili, za mkia, vile vipepeo viwili vya kupima pembe ya upepo, na sensa ya joto la nje. Akiwasha swichi A na B taa zote zizimike. Ndege za karibuni swichi ina AUTO badala ya OFF, usishangae. Taa ikibaki inawaka, sensa hiyo haipati moto.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa uchungu. Pitoti iliyowashwa ndani ya muda mfupi inakuwa kama pasi. Nilikuwa na kijana mmoja mwanafunzi, mchapakazi kweli, akataka kuhakikisha kama inapata moto akaikamata na kiganja. Ilibaki alama ya bomba katikati ya kiganja, ngozi imeng'ang'ania chuma, na harufu yake mpaka leo naikumbuka. Kama manyuali inataka uhakikishe joto, fuata njia iliyoandikwa mle, kwa kifaa. Na usiziache zimewaka ndege ikiwa imesimama zaidi ya muda unaoruhusiwa, hakuna upepo wa kuzipooza, unaziunguza.

Na kosa lingine la aina hiyo hiyo ni kuwasha hita kifuniko kikiwa juu. Kinayeyuka kinagandia kwenye bomba, pitoti ya kutupa hiyo.

Kwa nini nakazania hapa? Desemba 1974 Boeing 727 ya Northwest iliondoka New York na hita za pitoti hazijawashwa, zikaganda, spidi ikasoma kubwa ya uongo, marubani wakazidi kuinua pua mpaka ndege ikakosa upepo wa kuibeba ikaanguka, watatu wote wakafa. Swichi mbili tu.

Lakini usidhani hita ikiwaka umemaliza. Air France 447, tarehe 1 Juni 2009, A330 kutoka Rio kwenda Paris, hita zilikuwa zinafanya kazi, ila ilipita kwenye mawingu makubwa ya ikweta yaliyojaa vipande vidogo vya barafu, pitoti zikaziba kwa muda usiofika dakika moja. Autopailoti ikajitoa, kokpiti ikachanganyikiwa, ndege ikapandishwa pua ikaishiwa nguvu ya kuelea ikaanguka, watu 228 wakafa. Ule ukanda wa mawingu ndio huo huo unaopita juu ya Afrika Mashariki na Kongo misimu ya mvua. Na rada ya ndege inaona matone ya mvua vizuri, vipande vikavu vya barafu inaviona kwa shida, hivyo rubani mgeni ukiona njano na nyekundu chini yako usijidanganye kwamba juu pako safi, zunguka.

Hatua ya 4: Joto la vioo

Hapa ndipo ninapopata simu nyingi kuliko pote. Unawasha swichi nne za vioo, taa ya kijani ya ON inawaka kwenye baadhi, kwingine haiwaki, mtu anaandika "kibovu". Subiri kwanza! Ndege imekaa kwenye jua la Dar tangu saa nne asubuhi, kioo kimeshapata moto chenyewe, kontrola inaona hakuna haja ya umeme, taa inazimika. Huo ni uzima. Peleka swichi ya kupimia kwenye PWR TEST, taa ya kijani ikiwaka mfumo uko sawa. Zikiwa zote tayari zinawaka kijani, hicho kipimo cha PWR TEST usikifanye, hakihitajiki. Halafu OVHT, taa za chungwa za kuzidi moto ziwake, maana yake ulinzi unafanya kazi.

Kuruka, vioo viwe vimewashwa walau dakika 10 kabla. Na hapo watu wanauliza tena, kwa ukungu tu? Hapana, kioo cha mbele kimepangwa tabaka kwa tabaka na katikati kuna vinaili, ikiwa baridi inakuwa ngumu inapasuka kirahisi, ikiwa na joto inanyumbulika na inahimili ndege mnyama akikugonga. Ndiyo maana joto likifa, chini ya futi 10,000 hupiti spidi ya noti 250. Sisi tuna kunguru na korongo viwanja vyote, kwa hiyo hii siyo sheria ya watu wa theluji.

Hatua ya 5: Waipa na kioo chenyewe

Waipa kwenye kioo kikavu HAPANA. Mwagia maji kwanza ndipo ujaribu INT, LOW, HIGH, halafu rudisha PARK na uangalie zimelala pale zinapotakiwa kulala. Kioo kikavu kina vumbi, na vumbi chini ya mpira wa waipa ni msasa, unakwangua ile rangi inayokataa maji. Wakati maji yapo angalia yanavyokaa: yakijikusanya matone ya duara na kuteleza, rangi bado nzima, yakitanda kama kwenye sahani chafu, imechoka. Dawa za kusafishia vioo vya nyumbani usizilete hapa. Mpira wa waipa nao shika kwa vidole uukunje kidogo, jua la huku linaupasua haraka. Zamani ndege zilikuwa na dawa ya kupuliza kioo wakati wa mvua, ilikuwa na gesi inayoharibu ozoni, imeondolewa, siku hizi kazi hiyo inafanywa na ile rangi.

Hatua ya 6: Antiaisi (kinga ya barafu) ya injini

Hii unaikagua injini ikiwa inawaka, kwa hiyo kaa mbali na eneo la hatari, mdomo wa injini unavuta mtu. Kokpiti wakiwasha, taa ya bluu ya COWL VALVE OPEN inakuwa kali vali ikiwa njiani, kisha inafifia vali ikishafunguka. Kufifia ndiyo uzuri, wageni wengi wanaelewa kinyume. Kwenye skrini ya injini maandishi TAI ya kijani yatokee.

Rubani mgeni, shika kanuni hii kama jina lako: digrii 10 au chini yake, pamoja na maji yanayoonekana. Ukiwa ardhini unasoma joto la nje la kawaida, ukiwa angani unasoma TAT, joto la hewa inayoigonga ndege, ambayo iko juu kidogo kwa sababu spidi inaigandamiza hewa. Maji yanayoonekana ni wingu, mvua, ukungu wa kuona kilomita moja na nusu hivi au pungufu, theluji. Yote mawili yakiwepo, washa, pamoja na ignisheni kwenye CONT, yaani cheche zinaendelea bila kukatika. Ukipanda au ukiwa kruzi na joto halisi la nje likiwa chini ya digrii 40 za hasi unaruhusiwa kuzima, ila ukianza kushuka kwenye mawingu hayo unawasha kabla, hata kama bado ni baridi kuliko hapo.

Na usifikiri ni mambo ya angani tu. Jomo Kenyatta iko juu ya futi 5,300, asubuhi ya Julai yenye ukungu joto linaweza kucheza hapo hapo kwenye 10, na hapo unawasha ukiwa bado unatembea kwenye teksiwei.

Kosa kubwa: kusubiri uione barafu ndipo uwashe. Barafu ikishajenga mdomoni mwa injini halafu ukapeleka moto, inabanduka vipande na vinaingia kwenye feni. Washa mapema. Air Florida 90, Januari 1982 Washington, 737-200, antiaisi ya injini haikuwashwa, sensa ya mdomoni ikaganda, geji ikaonyesha nguvu ambayo injini hazikuwa nayo, ndege ikagonga daraja ikaishia mtoni Potomac, watu 78 wakafa.

Hatua ya 7: Antiaisi ya mabawa

Fupi. Inapasha slati tatu za ndani kila bawa, vile vipande vya ukingo wa mbele vinavyochomoza, ya nje kabisa haipashwi. Ardhini joto likizidi 10 haitumiki, kwa hiyo mchana wa Dar usiiwashe kuonyesha wageni, utaunguza slati ambazo hazina upepo wa kuzipooza. Ina ulinzi wa kufunga vali, na ndege ikiinuka swichi inajizima yenyewe, lakini ulinzi siyo ruhusa. Kwa maoni yangu kwa sababu huku haitumiki mara kwa mara, ndiyo inahitaji kuangaliwa kwa uaminifu kila ratiba inapodai, siyo kutiki karatasi.

Hatua ya 8: Ndege ikifika, pitia chini ya bawa

Ndege imetoka Dubai, saa tano angani, mafuta yaliyobaki tenki yamekuwa ya baridi kali. Inatua pwani kwenye hewa ya unyevu, unakuta chini ya bawa pameota weupe kama ukuta wa friza. Abiria anapiga picha, mwanafunzi anaogopa. Upande wa chini wa bawa la 737, eneo la tenki, inaruhusiwa mpaka milimita 3. Juu ya bawa ni hadithi nyingine, hapo soma manyuali na upande ngazi uguse kwa mkono mtupu, kwa sababu barafu ya wazi haionekani, inafanana na bawa lililolowa. Scandinavian 751, Desemba 1991, MD-81, barafu ya namna hiyo ilibanduka kwenye mabawa ikaingia injini zote mbili za nyuma, ndege ikatua shambani ikakatika vipande vitatu, watu 129 wote wakatoka hai.

Ukipelekwa Ulaya au Kanada baridi kali, kuna kazi ya kumwagia dawa: ya rangi ya chungwa ya moto inaondoa barafu, ya kijani nzito inazuia isirudi kwa dakika kadhaa. Hiyo ina mafunzo yake na cheti chake.

Mvua kubwa, kwa rubani

Injini inameza maji mengi na haizimi, ila kuna kikomo. Mei 1988 TACA 110, 737-300, injini zote mbili zilizimika kwenye mvua na mawe ya barafu karibu na New Orleans, wakatua kwenye nyasi kandokando ya tuta la kuzuia maji. Januari 2002 Garuda 421, 737-300 vile vile, Indonesia, nchi ya joto kama yetu, ikazimika zote ikatua mtoni Bengawan Solo. Ignisheni CONT, na bora zaidi usiingie kabisa.

Ikigoma

Taa ya pitoti haizimiki: angalia sakiti breka yake kwanza, ikiwa imeruka usiirudishe rudishe, tafuta sababu. Ikiwa iko sawa, mara nyingi hita yenyewe imekatika ndani. Ingia MEL kabla hujamuahidi mtu chochote.

Taa ya OVERHEAT ya kioo inawaka kweli, siyo kwenye jaribio: zima, subiri dakika 2 mpaka 5, washa tena. Ikirudi, zima uiache. Halafu kioo kiangalie kwa tochi ya pembeni, tafuta mapovu, alama ya kuungua pembeni au ufa mwembamba kama unywele.

Taa ya bluu ya injini imebaki kali: vali haijafika ilipoambiwa ifike. Rubani afuate QRH, kile kitabu cha hatua za haraka mambo yakiharibika, fundi andika upande gani, joto lilikuwa ngapi na ilikuwa inafungua au inafunga, maana "taa mbovu" peke yake haimsaidii wa zamu ya usiku.

Spidi za kapteni na za msaidizi hazilingani baada ya ndege kulala kwenye mvua au kuoshwa: shuku maji kwenye mabomba. Kuna sehemu za kuyatolea, na ukizigusa lazima upime mfumo usivuje kabla ndege haijaruka, hata kama abiria wameshaanza kupiga makofi ya kuchoka kwenye geti.